Picha ikikataa kwenye PlayStation, tufuate waya kwanza kabla ya kumfukuza kijana

Uvira. Kuanzia Kalundu, kupita Kakombe na Mulongwe, hadi Kavimvira, nyumba za kuchezea PlayStation zimekuwa sehemu ya maisha ya vijana wetu. Chumba kimoja, mabenchi mawili, televisheni ya zamani au monita iliyotoka katika ofisi fulani, na betri ya sola pembeni kwa sababu umeme unaweza kukatika saa yoyote. Mtoto analipa franka chache, anacheza mechi moja ya mpira, halafu anampisha mwenzake. Wengine hawana pesa, wanasimama tu dirishani wakishangilia.

Mashine inayotumika zaidi ni PlayStation 2. Sony iliitoa Machi 2000 huko Japani, ikauza zaidi ya milioni 150 duniani, na sasa ni miaka zaidi ya kumi haitengenezwi tena. Zile tulizo nazo zimepita katika mikono mingi kabla ya kufika kwetu. Kebo yake ya asili, ile inayopeleka picha na sauti kwenye televisheni, mara nyingi ilikatika zamani. Ndiyo maana vijana wamejifunza kuitengeneza wenyewe. Wanachukua kile kichwa bapa kinachoingia nyuma ya mashine, wanaunganisha waya ya antena, wanalehemu fishi tatu za njano, nyeupe na nyekundu, wanazungushia mpira wa baiskeli, na mchezo unaendelea.

Maneno ninayotaka kusema leo yanahusu siku ambayo kebo hiyo inakataa kutoa picha.

Siku hiyo chumba kinajaa kelele. Waliokwisha kulipa wanadai pesa. Mwenye nyumba anamgeukia kijana aliyetengeneza kebo na kumwambia: wewe ndiye umeharibu mashine. Malipo yake yanazuiliwa, au anafukuzwa kabisa. Na kama kijana huyo ni mgeni, mtoto wa familia iliyokimbia vita kutoka Bijombo, Minembwe, Lemera au kijiji fulani cha bonde la Ruzizi, lawama zinamfika haraka zaidi. Hana mjomba wa kumtetea katika avenyu. Wanasema amefanya makusudi, au amebadilisha kipande cha ndani na kukiuza sokoni.

Maoni yangu ni haya: mtu asihukumiwe kabla waya haijapimwa. Kebo ya mkono inaweza kupimwa kwa utaratibu, hatua kwa hatua, mbele ya watu wote, na mara nyingi kosa linapatikana kabla chai haijapoa. Tena mara nyingine kosa halimo kabisa katika kebo. Ni jambo ambalo hakuna fundi duniani angeweza kulitengeneza kwa kulehemu. Anayefukuza bila kupima anapoteza pesa zake, anamvunjia heshima mtoto wa mtu, na anazima ujuzi ambao mji huu unauhitaji.

Tupime pamoja, ndugu msikilizaji, ili usikubali tena maneno ya kubahatisha.

Anza na moto, halafu televisheni

Kwanza angalia taa ya mashine. Kwenye PlayStation 2, taa nyekundu inamaanisha umeme umefika lakini mashine inasubiri. Taa ya kijani inamaanisha imewaka. Kama hakuna taa yoyote, kebo ya picha haina kosa. Shida iko kwenye umeme.

Hapa kuna hatari moja ambayo wenye sola wanapaswa kuijua. Zile PlayStation 2 nyembamba zenye adapta ya nje nyingi zinahitaji volti 8.5. Soma maandishi yaliyo kwenye adapta yako. Betri ya sola ya volti 12 ikijaa inafika karibu volti 12.7, na jua linapochaji inaweza kupita 14. Mtu anayekata waya ya adapta na kuifunga moja kwa moja kwenye betri anaweza kuichoma mashine, halafu jioni anamlaumu aliyetengeneza kebo ya picha. Kama unataka kutumia betri bila konvertisa, lazima pawe na kifaa cha kushusha volti hadi kiwango kilichoandikwa.

Kama taa ni ya kijani, nenda kwenye televisheni. Chukua telekomande na uchague AV. Televisheni nyingi zina AV1 na AV2, na mtoto aliyebonyeza bila kujua anaweza kuacha chumba kizima gizani. Kama telekomande imepotea, tafuta kifungo kilicho ubavuni. Jambo hili ni dogo, lakini kuna vijana waliotukanwa kwa ajili yake.

Sauti ipo, picha hakuna

Hii ni ishara nzuri. Sauti ikitoka, mashine inafanya kazi, na kichwa bapa kimeingia vizuri. Kilichobaki ni njia ya picha peke yake, yaani fishi ya njano na waya yake.

Fanya jaribio hili lisilogharimu kitu. Punguza sauti ya televisheni kwanza. Chomoa fishi nyeupe, halafu chukua fishi ya njano uiweke katika tundu jeupe la sauti. Ukisikia mvumo kama wa nyuki, picha imefika hadi mwisho wa waya, ila televisheni inaisikia badala ya kuionyesha. Basi kebo ni nzima upande wa njano, na kosa liko katika tundu la njano la televisheni. Kama kimya kinabaki, picha haifiki. Sasa unayo sababu ya kuangalia kebo.

Zima kila kitu. Chomoa kebo pande zote mbili, isibaki imeunganishwa na chochote. Kama kuna multimeta, iweke kwenye alama ya kulia, ile inayopiga sauti waya zikigusana. Gusa ncha ya kati ya fishi ya njano upande mmoja, na sehemu yake kwenye kichwa bapa upande mwingine. Ikilia, waya haijakatika. Isipolia, imekatika mahali fulani. Halafu gusa ncha ya kati na ile pete ya nje ya fishi hiyo hiyo. Hapa isilie. Ikilia, uzi mmoja mwembamba wa nje umegusa waya ya kati, na picha yote inamezwa hapo hapo. Hilo ndilo moja ya makosa ya kawaida katika kebo za mkono, kwa sababu waya ya antena ina nyuzi nyembamba za nje zinazotawanyika wakati wa kuimenya. Kisu kidogo na subira kidogo vinatosha.

Hakuna multimeta? Betri moja ya tochi, balbu yake ndogo na vipande viwili vya waya vinafanya kazi ile ile. Balbu ikiwaka, njia ipo. Wazee wetu waliotengeneza redio kabla ya simu kuingia walipima hivyo.

Usiamini rangi ya waya iliyo ndani. Kebo nyingi za sokoni zina rangi za ndani zisizolingana na rangi za fishi, na kijana aliyeunganisha nyekundu kwa nyekundu anaweza kukuta sauti iko mahali pa picha. Amini kipimo.

Picha inakuja na kwenda

Kama picha inarudi mtu anapoushika waya, inapotea anapouachia, usibomoe kebo yote. Kosa kwa kawaida liko sentimita chache kutoka kwenye fishi, pale waya inapokunjwa kila siku. Kata hapo, menya upya, lehemu upya. Kama kiungo cha bati kina rangi ya kijivu iliyofifia na umbo la tone lililokaa juu juu, bati halikushika. Pasha waya yenyewe kwanza, ndipo ulete bati, likae kama maji yanavyoingia katika kitambaa. Vijana wasio na pasi ya kulehemu wanapasha msumari kwenye makaa. Inawezekana, lakini msumari unapoa haraka, na ndiyo sababu viungo vingi vya namna hiyo havidumu. Baada ya kulehemu, funga waya kwenye fishi kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili uzito usivute kiungo.

Mistari inayopanda na kushuka polepole, au chenga nyingi, inaonyesha kuwa ile nyuzi ya nje imekatika upande mmoja, au waya ya picha imelala pamoja na waya ya umeme. Zitenganishe. Konvertisa za bei ndogo, vile visanduku vinavyogeuza umeme wa betri kuwa volti 220, nazo zinaleta mvumo na mistari. Jaribu mashine hiyo hiyo kwa umeme wa kawaida siku umeme ukiwepo. Mistari ikipotea, kebo haina hatia.

Tena, waya ya taa haifai kwa picha. Waya ya antena imetengenezwa kwa kazi hiyo, ina kiwango cha omu 75, na nyuzi zake za nje zinaikinga picha. Ukitumia waya ya taa iliyo ndefu, picha inaweza kuharibika.

Rangi zimepotea au zimekuwa kijani

Picha nyeusi na nyeupe mara nyingi haitokani na kulehemu. Mashine zilizotoka Japani au Marekani zinatuma rangi kwa mtindo wa NTSC, na televisheni nyingi zilizofika kwetu zilitengenezwa kwa PAL au SECAM. Ingia katika mpangilio wa televisheni, tafuta mtindo wa rangi, uweke kwenye kujichagulia. Sababu nyingine ni hii: televisheni bapa za siku hizi zina matundu mengi, na ukiweka fishi ya njano katika tundu la kijani wakati televisheni inasubiri picha ya waya tatu, utapata picha nzuri isiyo na rangi hata moja.

Na kama mmetengeneza kebo ya rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, na skrini yote imekuwa ya kijani au ya zambarau, angalia mpangilio wa mashine. PlayStation 2 ina chaguo mbili za kutoa rangi, RGB na ile nyingine ya Y Cb Cr. Rudisha kebo ya njano, fungua mpangilio, badilisha, kisha weka tena kebo yako. Hapo hakuna hata tone la bati linalohitajika.

Kosa ambalo si la mtu

Sasa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanaonewa.

Monita za kompyuta za zamani zinapatikana kwa bei ndogo kuliko televisheni. Zina tundu la bluu lenye vitundu 15, linaloitwa VGA. Mwenye nyumba ananunua moja, anamwambia kijana: nitengenezee kebo kutoka PlayStation hadi hapa. Kijana anafanya kazi usiku mzima. Anaunganisha nyekundu, kijani, bluu na waya za chini. Anapima, kila njia inalia. Anawasha, na monita inabaki nyeusi, au inaandika kwamba ishara iko nje ya kipimo chake. Mwenye nyumba anaona hasara, na kijana anaonekana mwongo.

Kumbe kebo ni nzima. Skrini inachora picha mstari kwa mstari. PlayStation 2 kwa michezo mingi inatuma mistari 15,625 kwa sekunde katika mtindo wa PAL, na karibu 15,734 katika NTSC. Televisheni ilitengenezwa kwa mwendo huo. Monita ya VGA kwa kawaida inaanza kwenye mistari zaidi ya 31,000 kwa sekunde. Ni mara mbili. Waya inabeba tu kile ilichopewa. Haiwezi kuongeza mwendo wake. Hata ukileta dhahabu badala ya shaba, monita itakataa. Michezo michache inaweza kutuma picha kwa mwendo wa juu, lakini hata hiyo inataka monita inayokubali kupokea alama ya mwendo kupitia waya ya kijani, na monita nyingi hazikubali.

Kinachohitajika hapo ni kisanduku cha kubadili ishara, chenye umeme wake na vipande vya elektroniki ndani, kinachopokea mwendo wa televisheni na kutoa mwendo wa kompyuta. Mwenye nyumba ajue hivyo kabla ya kununua monita. Na kijana aseme wazi tangu mwanzo: hii siwezi kwa waya peke yake. Kusema hivyo ni ufundi pia.

Ni vivyo hivyo kwa zile kebo zinazouzwa zikiwa na kichwa cha HDMI upande mmoja na fishi tatu za rangi upande mwingine, bila kisanduku chochote katikati. HDMI inapeleka picha kwa hesabu za namba, fishi za rangi zinapeleka kwa mawimbi ya umeme. Waya tupu haitafsiri kutoka hii kwenda ile. Familia yenye shida isipoteze franka zake kwa kebo hiyo ikidhani itaunganisha mashine mpya na televisheni ya zamani.

Usalama kwanza

Ndani ya kebo ya picha mna umeme mdogo sana, kama volti moja, hauumizi. Lakini mwili wa televisheni na wa mashine unaweza kuwa na umeme unaochoma kidogo unapoushika, hasa ukiwa bila viatu kwenye sakafu yenye maji. Sisi wa kando ya ziwa tunajua maji yanavyoingia nyumbani. Basi unganisha kebo zote kwanza, ndipo uchomeke kwenye umeme. Ukimaliza, ondoa umeme kwanza, ndipo uchomoe kebo.

Televisheni za zamani zenye kioo kizito, zile zenye mgongo mkubwa, zisifunguliwe na mtoto, hata kama zimechomolewa. Kioo chake kinaweza kushika maelfu ya volti baada ya kuzimwa. Kebo inatengenezwa nje. Ndani ya televisheni ni kazi ya fundi aliyefundishwa.

Na wenye vyumba wasiweke petroli ya jenereta mahali watoto wanapokaa. Hapa Sange, Julai 2, 2010, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Wengi wao walikuwa wamekusanyika katika nyumba za video kuangalia Kombe la Dunia. Moto ule haukutoka katika vyumba hivyo, lakini ulituonyesha kinachotokea watu wengi wakiwa katika chumba chembamba chenye mlango mmoja. Chumba cha michezo kiwe na njia mbili za kutokea, na mafuta yakae mbali. Hilo ni deni letu kwa waliokufa.

Wazazi wana haki, lakini tusifunge mlango

Najua mama nyingi zinasoma haya zikitikisa kichwa. Watasema: mtoto wangu anatoroka shule, anachukua pesa ya unga, anapoteza siku nzima pale. Wengine watasema watoto wanacheza kwa kuwekeana pesa. Maneno hayo ni ya kweli, na mwenye chumba anayeruhusu hivyo hastahili kutetewa.

Wengine watauliza: familia imelala chini ya turubai, kwa nini unazungumza kuhusu michezo? Jibu langu ni kwamba kijana aliyehama makwao anahitaji kazi ya mikono ambayo anaweza kuibeba akihama tena. Shamba halibebeki, ng'ombe wanaibiwa njiani, duka linaachwa. Ujuzi wa kufuata waya unabaki kichwani, ukiwa Uvira, ukiwa umevuka kwenda Burundi, ukiwa Nyarugusu kule Tanzania, ambako Wakongo wa Kivu Kusini wamekuwa wakipokelewa tangu 1996. Kila kambi ina redio iliyonyamaza na chaja ya simu iliyokatika. Anayejua kupima kebo ya PlayStation anaweza kupima waya ya redio kwa njia ile ile, na kwa familia nyingi redio ndiyo inayosema kama barabara ya kurudi nyumbani imefunguka.

Tena ndani ya vyumba hivyo watoto wanakaa benchi moja bila kuulizana kabila. Anayejua kucheza ndiye anayeheshimiwa. Mtoto wa hapa na mtoto aliyeshuka mlimani wanagombania kitu kimoja tu, zamu. Sisi wakubwa tumeshindwa mara nyingi kukaa hivyo. Kama chumba kinafungwa kwa sababu ya waya yenye uzi mmoja uliogusana, au kwa sababu ya uvumi kwamba mgeni ameiba kipande, tunaharibu kitu ambacho mikutano mingi ya amani haijakipata.

Ninachopendekeza

Kwa wenye vyumba: wakati wa masomo, mlango ufungwe kwa wanafunzi. Kuwekeana pesa kukatazwe. Na kebo ikikataa, pimeni mbele ya watu kwa utaratibu huu: taa, AV, jaribio la njano katika tundu jeupe, kisha kipimo cha waya. Msimtaje mtu jina la mwizi kabla hatua hizo hazijaisha. Kijana alipwe kazi yake ya kupima, hata kama kosa limeonekana kuwa la televisheni.

Kwa mashefu wa avenyu: mnapoletewa kesi ya namna hii, ombeni mashine na kebo viletwe pia, tusikilize waya kabla ya kusikiliza hasira.

Kwa makanisa, shule za ufundi na mashirika yanayosaidia familia zilizohama: multimeta moja na pasi moja ya kulehemu kwa kila eneo ni kitu kidogo. Asubuhi moja ya Jumamosi, chumba cha michezo kinaweza kuwa darasa, vijana wa mji na waliohama pamoja, wasichana pia, maana kulehemu hakuulizi mtu ni mvulana au msichana.

Na kwenu vijana mnaotengeneza: andikeni kwenye kipande cha karatasi ni waya gani inakwenda wapi, mkifunge pamoja na kebo. Siku mtakapohama, au atakapokuja mwingine, hataanza gizani.

Picha ikikataa, kuna sababu, na sababu hiyo ina mahali pake kwenye njia kutoka kwenye mashine hadi kwenye skrini. Tuitafute hapo kwanza. Ninyi wasikilizaji wa Uvira, wa bonde, wa milima, na ninyi mlio katika kambi mbali na nyumbani, mnaonaje? Katika mtaa wenu, kijana anayetengeneza kebo anaheshimiwa au anashukiwa? Tuambieni.